Wapagazi wa Seli na Saratani ya Taya

Mhadhara kwa wazazi, walimu na wauguzi wa Kampene, teritwari ya Pangi, mkoa wa Maniema

Jambo nitakalolieleza hutendeka katika nafasi ndogo isiyofikiwa na jicho tupu, na juu ya udogo huo ndilo linaloamua kama mtoto atakua au uvimbe ulio ndani ya mtoto ndio utakaokua. Nimekuja kusema habari za protini zinazotembea ndani ya seli, zikivuta na kusukuma na kupambanua urithi wa mwili kila seli moja inapogawanyika kuwa mbili. Na habari za saratani, ambayo asili yake ni kugawanyika huko huko kulikokosa idhini. Katika saratani zote nimechagua moja, ile inayovimbisha taya la mtoto, kwanza kwa kuwa ni saratani ya nchi kama hii yetu, nchi ya chini yenye joto, mvua na malaria. Na tena kwa kuwa hakuna saratani nyingine ya binadamu igawanyikayo kwa haraka kama hii, na haraka hiyo, iwezayo kumwua mtoto katika muda wa majuma, ndiyo hiyo hiyo inayoipa dawa mlango wa kuingilia.

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, na ndani ya seli mna kiini, na ndani ya kiini mna urithi wake wote, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba, ulioandikwa juu ya nyuzi za DNA ambazo, lau zingenyoshwa na kuungwa ncha kwa ncha, zingetimia karibu mita 2 katika kila seli. Nyuzi hizo zimekunjwa katika vipande 46 viitwavyo kromosomu. Kabla seli haijagawanyika huandika nakala ya urithi huo wote, na kila kromosomu ikawa pacha wawili walioshikamana. Kisha inabaki kazi ya kupeleka pacha mmoja upande huu na mwenziwe upande ule, mara 46, bila kumsahau hata mmoja, na aghalabu kazi hiyo hukamilika katika muda wa saa moja. Mjerumani Walther Flemming, aliyezitia rangi seli za salamanda akazichora kwa mkono wake, alitangaza mwaka 1882 taratibu ya tukio hilo hatua kwa hatua, na michoro yake haijaharibika thamani hata leo. Aliona kromosomu zikijipanga katikati ya seli kama kwa agizo, kisha zikitengana. Lakini kilichozipanga na kilichozitenganisha hakukiona, wala darubini ya zama zake isingaliweza kumwonyesha.

Kilichofichika kilikuwa ni mirija na wapitao juu yake. Seli inapojiandaa kugawanyika hujenga, kutoka ncha zake mbili, mirija myembamba ya protini iitwayo tubulini, unene wa kila mrija ukiwa nanomita 25, yaani mirija 40,000 ikilazwa bega kwa bega ndipo itakapotimiza milimita moja. Mirija hiyo hurefuka kwa kuongezewa tubulini na kufupika kwa kupunguziwa, ikipapasa ndani ya seli mpaka ikutane na kifundo kilicho katika kila pacha wa kromosomu. Na juu ya mirija hutembea protini ambazo, kwa kuwa tuko Maniema, nitaziita wapagazi. Nchi hii imeujua upagazi kwa mabega yake: misafara ya pembe iliyotoka Nyangwe na Kasongo kwenda Ujiji na pwani, na baadaye mizigo ya vita, majeshi ya Kongo yalipokwenda kuichukua Tabora mwaka 1916, ilibebwa na watu ambao hawakuchagua mzigo, wala njia, wala siku ya kuondoka. Amri ilitoka kwingine. Nawaombeni mlikumbuke jambo hilo moja, kwa sababu hukumu yangu juu ya saratani inalitegemea.

Mpagazi wa kwanza nitakayemtaja aitwa kinesini. Mwaka 1985, huko Woods Hole katika pwani ya Marekani, Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz walimpata katika mshipa mnene wa fahamu wa ngisi, wakaonyesha kwamba protini hiyo peke yake, ikipewa chakula chake cha nguvu kiitwacho ATP, yatosha kusogeza vitu juu ya mirija ndani ya chombo cha kioo, pasipo seli iliyo hai. Watu waliokuja baada yao walimpima mwendo. Ana vichwa viwili vinavyomfaa badala ya miguu; kimoja hushika mrija, cha pili hutupwa mbele na kushika, kisha cha nyuma huachia; na kila hatua ni nanomita 8, na kila hatua hula chembe moja ya ATP, wala hapigi hatua bila malipo. Kwa sekunde moja huweza kupiga hatua mia moja hivi. Katika mwili wa binadamu kuna jeni 45 za ukoo huu wa kinesini, kila mmoja na kazi yake. Wengine huchukua mizigo ya kawaida ya seli usiku na mchana, na wengine huitwa siku ya kugawanyika tu.

Katika hao wa siku ya kugawanyika, mmoja aitwa kinesini-5. Huyu ana vichwa vinne, viwili kila upande, na kwa hiyo hushika mirija miwili inayotoka ncha zinazoelekeana na kuitembelea yote miwili kwa wakati mmoja, hata mirija ikasukumwa mbali na ncha za seli zikaachana. Asipokuwapo, ncha mbili hubaki pamoja, mirija ikatawanyika kutoka mahali pamoja kama nyota, na kromosomu zikauzunguka moyo wa nyota hiyo bila kujua pa kwenda. Mwingine aitwa CENP-E. Yeye huzitafuta kromosomu zilizochelewa, zilizobaki pembeni karibu na ncha, akazichukua juu ya mirija ya wenzake mpaka katikati. Kisha kuna daineini, wa ukoo mwingine kabisa, aliyepewa jina lake na Ian Gibbons na Arthur Rowe mwaka 1965, ambaye huelekea kinyume cha kinesini wengi, yaani hurudi kwenye ncha mirija inakoanzia.

Kazi moja ya daineini nataka niitue hapa, maana sijui tadbiri iliyo bora kuliko hii katika elimu ya viumbe. Seli haiachani na kromosomu zake kabla zote hazijashikwa vema. Kila kifundo ambacho hakijafikiwa na mrija hutoa ishara ya kusema: ngojeni; na ishara ya kifundo kimoja tu, katika vifundo 92, yatosha kuzuia seli nzima. Hilo ndilo lindo la seli. Mrija unapokishika kifundo, daineini huja kuzichukua protini zinazotoa ishara hiyo, akaondoka nazo juu ya mrija ule ule mpaka kwenye ncha, na kifundo kikanyamaza. Kinaponyamaza cha mwisho, kamba zinazoshikamanisha pacha hukatwa, na wote huondoka kwa pamoja. Basi mpagazi huyu hachukui mzigo tu. Huchukua na zuio, na kuliondoa kwake ndiko kunakofungua njia. Baada ya hapo miosini, ndugu wa ile inayokunja misuli yetu, hukaza ukanda kiunoni mwa seli mpaka ikatike kuwa mbili, na kazi imekwisha.

Sasa, saratani ni nini? Theodor Boveri, aliyekuwa akitazama mayai ya kiumbe wa baharini mwenye miiba, alizilazimisha seli zigawanyike kwa ncha nne badala ya mbili, akaona kromosomu zikigawanywa bila insafu na seli nyingi zikifa au kuharibika. Na katika kitabu chake cha mwaka 1914 akatoa rai kwamba uvimbe mbaya huanza kwa seli moja iliyopokea urithi usio sahihi. Wengi hawakumsikiliza katika uhai wake. Leo tunajua kwamba alikuwa ameigusa haki, ingawa si yote, kwa kuwa kosa laweza kuwa kubwa, la kromosomu nzima nzima kupotea au kuzidi, na laweza kuwa dogo, la kipande kimoja kuhamia mahali pasipokuwa pake. Saratani ya taya ni ya namna hii ya pili, na wapagazi wake, ukiwatazama mmoja mmoja, ni wazima, wanatembea kama wanavyotembea katika mtoto mwenye afya. Kilichoharibika ni amri. Nalisema hili mbele ya wazazi kwa makusudi, kwa sababu nimesikia mara nyingi uvimbe wa mtoto ukitafutiwa mtu aliyeutuma, jirani au shangazi au mke wa baba, na nyumba zikavunjika kwa shutuma hiyo. Nami nathubutu kusema kwamba katika ugonjwa huu hakuna mtu aliyetuma kitu. Kazi ni ya mwili wenyewe, na waifanyao ni watumishi wake.

Ugonjwa huu wajulikana ulimwenguni kwa jina la Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa na jicho moja tu tangu utotoni, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita atazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Na baada ya muda mfupi, akiwa Jinja, Burkitt akaona kwa dirisha mtoto mwingine mwenye uso kama ule, akatoka nje kumwendea. Si kwamba uvimbe huo haukuwa umeonekana kabla yake: Albert Cook, tabibu wa misheni aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameuandika katika daftari zake. Lakini aliyeona taya aliita ugonjwa wa taya, na aliyeona tumbo aliita ugonjwa wa figo au wa ovari, na Burkitt ndiye aliyetambua kwamba mtoto yule yule alikuwa na vyote, na kwamba yote ni maradhi mamoja. Aliyatangaza mwaka 1958. Kisha mwaka 1961, pamoja na Ted Williams na Clifford Nelson, akapanda gari lililotumika na kusafiri majuma kumi, maili 10,000 hivi, kutoka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, akisimama katika hospitali moja baada ya nyingine na kuonyesha picha na kuuliza: mmepata kuuona huu?

Majibu aliyoyakusanya yalichora ramani, na ramani hiyo inaihusu Kampene. Karibu na ikweta uvimbe ulikuwapo katika nchi zilizo chini ya mita 1,500 hivi, na juu ya hapo ukatoweka. Kadiri alivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka, hata mwisho ukawa pwani tu. Nyanda za juu za Rwanda na Burundi zilikuwa karibu hazina mgonjwa. Alexander Haddow, aliyesimamia uchunguzi wa virusi huko Entebbe, alimwambia kwamba mpaka huo si wa kimo bali ni wa joto, na palipo joto na mvua ya kutosha ndipo uvimbe unapokaa. Tazameni basi nchi yetu: ukishuka kutoka milima ya Kivu kuja Maniema, unaiacha nchi ya baridi na kuingia katika msitu wenye joto na mvua kubwa, kwenye kimo kisichofika mita 1,000. Tumo ndani kabisa ya mpaka alioupiga Burkitt. Maana ya ramani hiyo ilifahamika baadaye kuwa ni malaria, ile isiyokoma mwaka mzima, inayomrudia mtoto tena na tena. Na Burkitt alitoa kwa ithibati mfano wa visiwa vya Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita na uvimbe ulikuwa haba.

Malaria haifanyi kazi hii peke yake. Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alihutubia hospitali ya Middlesex huko London, na mmoja wa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein, aliyeshuku kwamba kuna kirusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda London, na kwa muda mrefu havikuonyesha kitu. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege moja ilizuiliwa na ukungu ikatua Manchester, na kipande kilipofika kimechelewa maji yake yalikuwa yamechafuka rangi, hata ikadhaniwa kwamba kimeoza na kuingia vijidudu. Epstein, badala ya kukitupa, alitia tone moja chini ya darubini, akaona kwamba ule uchafu ni seli zenyewe za uvimbe, zimejibandua na kuelea majini zikiwa hai. Mtoto alikuwa Uganda, na seli zake ndani ya chupa huko Uingereza zilikuwa zikiendelea kugawanyika. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wa Trinidad walitangaza kirusi walichokiona ndani yake. Kirusi hicho hupita kwa mate na karibu watoto wote wa nchi zetu hukipata wangali wadogo bila madhara. Lakini katika mwili unaosumbuliwa na malaria kila msimu, seli za kinga zilizobeba kirusi huhimizwa kugawanyika bila kupumzika, na katika msongamano huo hutokea siku moja kwamba kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kushikamana na kromosomu ya 14. Katika kipande hicho mna jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuamuru seli igawanyike. Mahali inapotua kwenye kromosomu ya 14 ni mahali pasipolala, penye kutengeneza kinga mchana na usiku. Tangu saa hiyo amri haizimiki tena.

Hapo ndipo haraka niliyoitaja inapoanza. Uvimbe wa Burkitt waweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili. Na kila wakati utakaochagua kuutazama, sehemu kubwa ya seli zake zimo katika safari ya kugawanyika, mirija imejengwa, wapagazi wako njiani. Mama anaona jino la mtoto wa miaka mitano limelegea kabla ya wakati wake, anadhani ni jambo la meno; baada ya siku chache ufizi umejaa; baada ya majuma machache jicho limesukumwa nje. Wengi wa wagonjwa hawa wana miaka minne mpaka saba, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Walakini kile kinachotisha ndicho kilichowashangaza matabibu wa Kampala na Nairobi katika miaka ya sitini, walipompa mtoto dawa iitwayo siklofosfamidi, wakati mwingine dozi moja au mbili, wakaona uvimbe uliofunika uso ukiyeyuka katika siku chache. Ni nadra sana katika tarehe ya tiba kuona saratani ngumu ya kushikika kwa mkono ikiondoka hivyo kwa dawa pasipo kisu. Mwaka 1967 kilianzishwa Kampala kituo maalumu cha ugonjwa huo chini ya John Ziegler, nacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Na alipoondoka Ziegler mwaka 1972, kazi ilichukuliwa na daktari wa Uganda, Charles Olweny, aliyeilinda katika miaka migumu. Nataka vijana wetu walijue jina hilo.

Dawa ya pili katika tiba ile, inayotumika mpaka leo, ni vinkristini, na hii ndiyo inayogusa mirija moja kwa moja. Imetoka katika ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe, lenye asili ya kisiwa cha Bukini, ambalo sasa hupandwa kwa mapambo mbele ya nyumba katika nchi zetu na katika nchi nyingi za joto. Watu wa Jamaica walikunywa maji ya majani yake kwa kutibu ugonjwa wa sukari. Majani yakatumwa Kanada yakamfikia Robert Noble, ambaye hakuona dalili ya kupungua sukari katika panya, ila aliona chembe nyeupe za damu zikipungua sana. Yeye na Charles Beer wakaitenga dawa ya kwanza mwaka 1958, na dada yake, vinkristini, ikaruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963. Huhitajiwa mamia ya kilo za majani makavu ili kupata gramu moja tu, na mtoto hupewa miligramu moja na kitu kwa kila mita mraba ya mwili wake. Nasema hivi ili pasiwe na mtu wa kutoka hapa akachume maua na kuyachemsha: ndani ya jani hilo mna sumu nyingine kadha wa kadha, na kipimo baina ya tiba na mauti ni chembamba, hata mikononi mwa waliofundishwa.

Vinkristini haimgusi mpagazi. Huishika tubulini na kuizuia isijengeke kuwa mrija, na mpagazi mwenye nguvu zote akabaki hana pa kukanyaga. Kromosomu hazipangiki, vifundo havinyamazi, lindo hukataa kufungua, na seli husimama katikati ya kugawanyika saa baada ya saa, mpaka ijiamuru kufa. Seli isiyokuwa ikigawanyika siku hiyo haina habari. Fahamuni basi kwa nini dawa hii huchagua uvimbe wenye haraka: haiutambui kwa ubaya wake, huutambua kwa kazi yake.

Lakini kuna seli moja katika mwili ambayo haigawanyiki na bado haiwezi kuishi bila mirija, nayo ni seli ya mshipa wa fahamu. Ile inayofika dole la mguu ina mwili wake karibu na uti wa mgongo, na mkono wake mrefu kuliko mguu wa mtoto. Kila kinachohitajiwa kule chini huchukuliwa na kinesini juu ya mirija, safari ya siku kadhaa, na habari na mabaki hurudishwa na daineini. Vinkristini inapoidhoofisha mirija hiyo, mishipa mirefu ndiyo hulalamika kwanza. Mtoto husema vidole vinamchoma au havihisi, tumbo hufunga, na mguu huanza kuburura. Ndiyo maana muuguzi mwenye ujuzi, kabla hajamchoma mtoto sindano ya juma lile, humwambia ashuke kitandani atembee kwa visigino, ncha za vidole zikiwa juu. Na akiona vidole vinaanguka chini kila hatua, humwita daktari kabla hajavuta dawa. Na ndiyo maana dawa hii hutiwa katika mshipa wa damu peke yake. Ikikosewa ikaingizwa katika maji ya uti wa mgongo, huua. Wauguzi mliopo hapa, naombeni neno hili liandikwe kwa herufi kubwa juu ya kabati.

Wataalamu walifikiri kwa kawaida ya akili: kama mirija ni ya wote, na mpagazi fulani ni wa siku ya kugawanyika tu, basi tumzuie huyo, mishipa ya fahamu isalimike. Mwaka 1999, huko Harvard, Thomas Mayer na wenzake katika maabara ya Timothy Mitchison walipima dawa 16,320 wakapata moja, monastroli, iliyomsimamisha kinesini-5 bila kuigusa mirija. Na seli zilizopewa zilionyesha ile nyota niliyoitaja. Dawa zenye nguvu zaidi zikafuata, ispinesibu na nyinginezo, na zikajaribiwa kwa wagonjwa watu wazima wenye saratani za matiti, mapafu na nyinginezo. Mishipa ya fahamu kweli ilisalimika. Ila uvimbe haukurudi nyuma ipasavyo, na chembe nyeupe za damu, ambazo hutengenezwa kwa kugawanyika kila siku, zilishuka. Sababu moja ni kwamba uvimbe wa mtu mzima, tofauti na seli za chupani, hugawanyika polepole. Kwa siku moja ni seli chache zilizo njiani, na dawa hupita kabla nyingine hazijaondoka. Tena imeonekana katika maabara kwamba kinesini mwingine, KIF15, huweza kushika nafasi ya mwenziwe.

Rai yangu ni kwamba jaribio hilo halikupotea, kwa sababu lilibainisha sharti ambalo watoto wa Kampala walikuwa wamekwisha kulionyesha tangu miaka ya sitini: kumzuia mpagazi hufaa palipo na safari nyingi, au palipo na mpagazi ambaye uvimbe wamhitaji na mwili haumhitaji sana. Tangu mwaka 2021 macho yameelekea upande huu wa pili. Seli nyingi za saratani za watu wazima zina kromosomu zilizozidi na kupungua ovyo, na makundi mbalimbali ya wachunguzi yameona kwamba seli za namna hiyo hufa akiondolewa kinesini aitwaye KIF18A, hali seli zenye kromosomu timilifu hustahimili. Dawa za kumzuia zimeanza kujaribiwa kwa wagonjwa. Kwa uvimbe wa Burkitt sitazamii mengi kutoka huko, kwa kuwa seli zake mara nyingi zina kromosomu karibu na 46 zilizopangika, isipokuwa lile hamisho moja. Tiba yake bado ni ile ya kale, siklofosfamidi na vinkristini na wenziwe, ambayo katika nchi tajiri huponya watoto tisa katika kumi. Katika Afrika hatujafika hapo, na sababu zake hazimo ndani ya seli: mtoto huletwa amechelewa, kipande cha uvimbe hakifiki kwa msomaji wa darubini, dawa huisha katikati ya mzunguko, baba hukosa nauli ya kurudi kwa sindano ya tatu, njia ya kwenda mji wa Kindu hukatika kwa masika.

Mwalimu mmoja aliniuliza kabla sijasimama hapa kama uvimbe huu huambukiza darasani. Hauambukizi. Mtoto aliyepona aketi na wenzake. Na wauguzi wa eneo la afya la Kampene waliniuliza la maana zaidi, yaani wafanye nini wakimpokea mtoto wa namna hiyo leo. Jino lililolegea kwa mtoto wa miaka mitano pamoja na taya lililovimba halingojwi kwa mng'oa meno wala kwa dawa ya jipu ya majuma mawili. Hupelekwa kwa daktari siku hiyo, na tumbo lake hupapaswa, kwa kuwa uvimbe wa pili mara nyingi umo humo. Na daktari akipata hakika na kuanza tiba, kuna hatari moja inayozaliwa na uzuri wa tiba yenyewe: seli zilizogawanyika kwa haraka hufa kwa haraka, mamilioni kwa mamilioni katika usiku mmoja, na yaliyokuwa ndani yao humwagika katika damu na kuziba figo. Kwa hiyo mtoto huanza kupewa maji ya mshipa kabla ya sindano ya kwanza, pamoja na alopurinoli, na mkojo wake hupimwa katika chupa na kuandikwa kila saa chache, usiku kucha, kwa siku za mwanzo. Ukipungua, hupigwa mbio kumwita daktari, hata kama uso wa mtoto umekwisha kunywea na mama yake anacheka.